Baiskeli kuukuu, mtoto mdogo na mzigo wa soko: nani akae wapi?

Mtu akitaka kwenda sokoni kwa baiskeli na mtoto mdogo, huuliza swali moja: mtoto atakaa wapi? Mimi huanza na sado ya viazi. Baiskeli ya zamani ina mahali pamoja tu pa maana pa kubebea, napo ni kwenye keria. Mtoto anaitaka keria, na mzigo nao unaitaka. Usipoamua nyumbani nani ahamie kwingine, utaamulia sokoni Mgandini, jua la saa saba limekaza, mtoto analia, na muuza viazi ameshamimina kwenye mfuko. Maamuzi ya saa hiyo huishia mtoto kukalishwa juu ya unga.

Ninaandika nikiwa na Tanga kichwani, kwa sababu Tanga baiskeli si chombo cha aliyekosa nauli peke yake. Mji ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba kuanzia Barabara ya 1 hadi ya 21, na mama wa makamo aliyevaa dera akikanyaga pedeli hageuziwi shingo na mtu. Wa Lushoto mwenye milima na wa Dar mwenye foleni watasoma huku wakipunguza na kuongeza. Mtoto ninayemsema ni wa kati ya mwaka mmoja na minne: anakaa bila kuegemezwa, lakini kutulia hajajifunza.

Kadi ya kliniki kwanza

Kabla hujalinganisha viti, tazama uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kadi ya mtoto. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa wastani ana kilo 9.6 akitimiza mwaka, 12.2 akitimiza miaka miwili, na 14.3 akitimiza mitatu. Msichana yuko chini kidogo: 8.9, 11.5 na 13.9. Kiwango cha Ulaya cha viti vya watoto vya baiskeli, EN 14344, kinasema kiti cha mbele ni cha mtoto wa kilo 9 hadi 15, na cha nyuma ni cha kilo 9 hadi 22, ingawa kuna vya nyuma vyepesi vinavyoishia 15. Weka namba hizo pamoja uone: kiti cha mbele kina maisha mafupi. Mtoto anakiingia akiwa na mwaka hivi, na akipita miaka mitatu na kitu ameshakimaliza. Cha nyuma kinaweza kumfikisha darasa la kwanza.

Chini ya kilo 9, jibu langu ni fupi: asipande. Mwache kwa bibi yake, au mfunge mgongoni uende kwa miguu. Jimbo la New York, Marekani, limepiga marufuku kwa sheria kumpakia mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwenye baiskeli, nayo shingo ya mtoto wa Makorora, Tanga, haina uimara wa ziada.

Mzigo nao upimwe. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, ukijumlisha na chuma chake unazidi kilo 12, yaani sawa na mtoto wa miaka miwili. Tofauti ni kwamba mtungi haujipindui kumtazama ng'ombe.

Phoenix au ya Japani?

Baiskeli kuukuu utakazozikuta kwa mafundi ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni ile nyeusi ya chuma: Phoenix ya Shanghai, Avon na Hero za Ludhiana nchini India, na Raleigh ya Nottingham kwa waliorithi ya babu. Zote zimefuata umbo moja la Kiingereza: magurudumu ya inchi 28, bomba la juu lililonyooka, breki za fito za chuma, na uzito wa kilo 20 au zaidi kabla hujaweka hata kitunguu. Ukoo wa pili ni baiskeli za mtumba za Japani zinazoshushwa kwenye makontena. Magurudumu yake mara nyingi ni ya inchi 26, fremu imeshuka chini katikati, kikapu kiko mbele, keria nyuma, na mnyororo umefunikwa. Kwao ni baiskeli ya mama, iliyoundwa kwa ajili ya soko na shule ya chekechea.

Wengi huzilinganisha kwa uimara, na hapo Phoenix inashinda bila ubishi. Gurudumu lake la nyuma kwa kawaida lina spoki 40 na la mbele 32, kwa sababu waliolibuni walijua mzigo unakaa wapi. Keria yake imefungwa mpaka kwenye ekseli. Itabeba gunia, itapita kwenye makorongo, na ikivunjika popote utapata fundi mwenye kipuri chake chini ya mwembe.

Lakini kwa mzazi mwenye mtoto, kinachoamua ni mguu wake mwenyewe. Kwenye baiskeli yenye bomba la juu, unapanda kwa kurusha mguu nyuma, juu ya keria. Mtoto akishakaa pale, njia hiyo imefungwa. Ukirusha mguu utampiga usoni. Itabidi uinamishe baiskeli, uunyanyue mguu uupitishe mbele juu ya bomba, huku mtoto naye ameinama na baiskeli, na dera limebana magoti. Kushuka ni hivyo hivyo kinyumenyume, tena mara nyingi kwa ghafla, bodaboda ikiwa imekata mbele yako. Mwanamume mrefu mwenye suruali atasema anaweza. Sawa, anaweza. Mimi mwenye dera nataka fremu ambayo nikishtuka, miguu yote miwili inagusa chini papo hapo, na hiyo ni ya Japani. Ipo pia Phoenix ya kike isiyo na bomba la juu. Ukiikuta, umepata uimara wa huku na mguu wa kule kwa pamoja. Tatizo ni kuikuta.

Breki zinafuata. Breki za fito hubana rimu ya chuma iliyopakwa kromu, na rimu hiyo ikilowa hunyima breki pa kushika. Wakati wa masika unabana breki hapa, baiskeli inakuja kusimama kule. Ya Japani, breki yake ya nyuma iko kwenye kitovu cha gurudumu, mkanda ndani ya duara la chuma, kwa hiyo mvua haiifikii kirahisi. Inalia vibaya, mtaa mzima unajua umefika, lakini inakamata. Ukinunua ya Japani usikubali fundi aing'oe breki hiyo kwa sababu ya kelele.

Kisha nguo. Kifuniko cha mnyororo cha Japani kinaokoa dera, baibui na ncha ya kanga. Phoenix nyingi za kale zilishapoteza kifuniko hicho zamani, na kanga ikishikwa na mnyororo haiachii mpaka baiskeli isimame yenyewe.

Mahali ambapo ya Japani humdanganya mnunuzi ni keria. Tazama bati au mabomba yake kwa makini. Nyingi zimegongwa muhuri wenye namba kama 18, 25 au 27. Hizo ndizo kilo ambazo keria ilitengenezwa kubeba. Kiti cha mtoto peke yake kinaweza kufika kilo 4 au 5. Ongeza mtoto wa kilo 12 na keria ya 18 imeshajaa, wakati ya 27 bado ina nafasi ya yeye kukua. Muuzaji hatakuambia, pengine hajui. Wewe inama uangalie.

Kwa jambo moja hazipishani: vali. Koo zote mbili kwa kawaida hutumia vali ile ile ya kizamani ya Kiingereza, kwa hiyo pampu ya jirani itakufaa vyovyote utakavyochagua. Usidharau upepo. Tairi laini lenye mtoto juu yake linayumba kwenye kona, na tyubu inabanwa na rimu kila shimo.

Mgongoni kwa kanga

Ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoachia keria nzima kwa mzigo. Mwili wako unameza mitikisiko, mtoto analala, na ukifika dukani hufungui chochote, unaingia naye. Sishangai kwa nini akina mama wengi wanaichagua.

Upande wa pili wa mizani ni mzito. Kilo 12 zilizofungwa mgongoni zinainua uzito wote juu, kwa hiyo baiskeli inayumba pale unapopunguza mwendo, yaani sokoni penyewe. Kichwa cha mtoto kiko juu kabisa, hakina kinga, na humwoni anafanya nini. Ukianguka kiubavu, mkono wako utakuokoa wewe. Yeye hana mkono wa kutanguliza kwa sababu umemfunga. Ukianguka chali, uzito wako wote unamkuta chini. Fundo la kanga nalo hulegea kwa kila mkanyago wa pedeli, jambo lisilotokea sana ukitembea.

Nikilazimika kuilinganisha na njia nyingine zote, ninaiweka mwisho kwa baiskeli na mwanzo kwa miguu. Dukani palipo karibu, nusu ya Barabara ya 12, mfunge, funga mzigo kwenye keria, kisha ukokote baiskeli kwa mkono. Haina aibu. Baiskeli inayokokotwa hubeba dumu vizuri kuliko kichwa.

Mto juu ya keria

Mto wa sponji uliofungwa juu ya keria ndio uliobeba abiria wa bodaboda za mwanzo, zilipokuwa bado baiskeli pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na ndio uliobeba abiria wa daladala za baiskeli kule Shinyanga. Ni kitu kizuri, kwa mtu mzima anayejua kukunja miguu.

Mtoto wa miaka miwili hajui. Miguu yake inaning'inia sawasawa na spoki, na kisigino kikiingia, gurudumu halisimami mpaka limemaliza kazi yake. Majeraha ya spoki ni ya kawaida hospitalini popote watoto wanapopakiwa nyuma: ngozi ya kisigino inachunwa, na mara nyingine mfupa juu ya kifundo unavunjika. Sheria ya Ujerumani imelitaja jambo hili waziwazi: mtoto anaruhusiwa kubebwa mpaka atimize miaka saba, mwendeshaji awe na miaka 16 au zaidi, kiti kiwe maalumu, na kuwe na kizuizi cha kufanya miguu isifike kwenye spoki.

Kwa hiyo mto peke yake siuweki kwenye ulinganisho. Mtoto wa miaka sita aliyefundishwa kupanua miguu na kukushika kiuno, tunaweza kuongea. Huyu mdogo, hapana, hata kama ni kutoka hapa mpaka pale. Na kumfunga kwenye mto kwa mpira wa tyubu ni kubaya zaidi ya kutomfunga: kiwiliwili kimebanwa, miguu iko huru, palepale kwenye spoki.

Kiti cha nyuma: cha kuchomelea au cha plastiki?

Hapa ndipo pa kutumia pesa zako, basi tukae kidogo.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kiti cha nondo nyembamba na bomba jembamba kikafungwa kwa bolti kwenye keria ya Phoenix. Uzuri wake ni kwamba kinakaa kwenye keria ambayo haitetereki, na kinatengenezwa kwa kipimo cha mtoto wako. Ubaya wake ni kwamba fundi asipoelekezwa atakutengenezea kiti cha kupendeza kisicho na kinga. Simama naye na umwambie mambo haya. Egemeo la mgongo lifike juu ya mabega, si kiunoni, kwa sababu mtoto atalala tu. Ubavuni kuwe na ukingo. Chini kuwe na sehemu za kukanyagia zenye kuta pande zote mbili, ile ya ndani ikiwa bati zima, si nondo zilizoachana, ili kidole kisipenye kwenda kwenye spoki. Mkanda upite mabegani na katikati ya miguu. Wa kiunoni peke yake unamwachia mtoto ateleze chini. Mikanda ya begi la shule lililochakaa, yenye vifungio vyake, inafaa kabisa ikiwa haijaliwa na jua. Kila ncha ya chuma isuguliwe kwa tupa, na kila bolti iwe na nati mbili, moja ikiibana nyingine, maana mitikisiko hulegeza nati moja bila kukuaga.

Chuma kina kasoro moja ambayo mtu wa pwani anaijua: kinaunguza kikikaa juani. Ukiegesha nje ya mashine ya kusaga, funika kiti kwa kanga kabla hujamrudisha mtoto.

Kiti cha plastiki cha mtumba, kinachokuja na baiskeli ya Japani au kutoka Ulaya, kimeshafikiriwa na watu wengine: mkanda upo, sehemu ya miguu ipo, egemeo ni refu. Unachokagua ni uzee. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi hupauka, ikaota unga mweupe, kisha ikapasuka pale bolti inapopita. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikilia au ikibaki na mstari mweupe, iache hapo hapo hata kama ni bure. Angalia pia kama vishikizo vyake vinaikubali keria yako, kwani kiti kilichoundwa kwa keria nyembamba hakitakaa sawa kwenye keria pana ya Phoenix, na kukifunga kwa waya ni kujidanganya.

Nikilinganisha hivi viwili: kwenye Phoenix, cha kuchomelea kilichosimamiwa vizuri kinashinda cha plastiki kilicholazimishwa. Kwenye ya Japani, cha plastiki kizima kinashinda, kwa kuwa uzito wake mdogo unaihurumia keria.

Hasara ya kiti cha nyuma chochote ni kwamba keria imekwenda. Mzigo sasa unahamia mbele. Kikapu cha Japani kitabeba nyanya, mchicha, samaki waliofungwa vizuri na dawa za kliniki. Dumu hakibebi, na ukilazimisha kitainama kigonge gurudumu. Kwenye Phoenix, fundi anaweza kukuwekea keria ndogo ya mbele iliyoshikwa kwenye ekseli, ambayo ni imara kuliko kikapu kilichoning'inizwa kwenye usukani. Mfuko unaoning'inia kwenye mkono wa usukani ni adui: unabembea, unagonga spoki, unageuza gurudumu usipotaka. Machungwa ya Muheza yana sifa mbaya sana kwa jambo hili.

Kiti cha mbele

Mtoto aliye mbele unamwona, unaongea naye, unajua ameanza kusinzia. Na keria yako imebaki tupu kwa ajili ya mzigo. Kwa mwenye safari za mashine ya kusaga, hiyo ni faida kubwa, na ndiyo maana sikukitupa kiti cha mbele pamoja na ufupi wa maisha yake.

Kwenye Phoenix watu hufunga kijikiti cha mbao au sponji juu ya bomba, mtoto akashika usukani. Sikipendi. Fito za breki zinapita chini ya usukani pale pale vidole vyake vinapotafuta pa kushika; ukibana breki, vidole vinabanwa. Visigino viko karibu na spoki za mbele, na gurudumu la mbele likikwama ghafla, nyote wawili mnaruka juu ya usukani, yeye akiwa wa kwanza.

Kiti cha mbele cha Japani kimekaa vizuri zaidi: kiko kati ya mikono yako, kina kuta na mkanda. Lakini kinaufanya usukani uwe mzito. Ukiwa kwenye mwendo hutaona shida. Ukisimama, au ukikata kona taratibu kwenye mchanga, usukani utataka kuanguka upande wake. Mwaka 2009 Japani iliruhusu mzazi kubeba watoto wawili kwa baiskeli zilizoundwa maalumu kwa kazi hiyo, na baadhi ya hizo zina gurudumu dogo la mbele ili kiti kishuke, pamoja na kifaa kinachoukaza usukani unaposhusha stendi. Ukiiona ya namna hiyo kwenye mtumba, hata kama rangi imekwisha, usiiache.

Guta, kitoroli na mengine

Guta la magurudumu matatu linabeba kila kitu na halianguki likisimama. Lakini ni pana kwa vichochoro vya soko, ni zito, na sanduku lake halina kiti wala mkanda. Kwa anayeuza vitu, ni chombo. Kwa anayenunua mboga za siku, ni adhabu. Mimi ningelikodi na dereva wake siku ya kuhamisha gunia, mtoto akabaki na mimi.

Kitoroli cha kuvutwa nyuma kinawafaa walioko Utrecht au Copenhagen, penye njia za baiskeli. Kwetu kinamweka mtoto chini, kwenye usawa wa moshi na vumbi, mahali ambapo dereva wa lori hamwoni.

Nani achukue nini

Mwenye safari za kliniki, duka na mboga, mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwenda juu, njia za lami na mitaa iliyopangwa: ya Japani, kiti cha nyuma, kikapu mbele. Sioni cha kushindana nayo.

Mwenye unga, maji au mkaa kila wiki, njia mbovu, na mtoto wa chini ya kilo 15: ya Japani yenye kiti cha mbele na keria ya namba kubwa, akienda taratibu. Kama anayo Phoenix tayari na hana ya kununua nyingine, aweke kiti cha kuchomelea nyuma, mzigo mwepesi mbele, na mkaa aufuate safari nyingine bila mtoto. Phoenix inaweza kuvibeba vyote kwa pamoja, hilo halina shaka. Anayeshindwa ni mwendeshaji, pale anapotaka kushuka.

Mwenye watoto wawili wadogo na baiskeli moja ya kawaida: bajaji.

Helmeti ni kwa wote. Ya baiskeli ina uzito wa gramu 250 hivi, nayo hupatikana kwenye mitumba; tazama ndani kama povu limepasuka. Ya bodaboda usimvishe, inazidi kilo na shingo ya mtoto haiwezi kuibeba.

Kabla hujampandisha

Baiskeli ya zamani iliyokubeba wewe peke yako miaka yote inaweza kukataa ukiongeza kilo 17 nyuma. Mwambie fundi: "Fundi, napakia mtoto, niangalizie foku na keria." Akishajua ni mtoto, ataangalia kwa jicho lingine. Foku itazamwe kutu na nyufa pale inapoingia kwenye fremu. Gurudumu la nyuma liinuliwe lizungushwe. Likicheza kushoto na kulia, gololi zimekwisha au koni zimelegea. Spoki zigongwe moja moja kwa spana. Iliyolegea inatoa sauti nzito kuliko wenzake. Kisha funga unga wa kilo 12 au zaidi kwenye kiti, kwa mkanda ule ule wa mtoto, uende nao mpaka sokoni na kurudi. Kona, breki na kupanda utavijua kwa unga kwanza.

Na stendi. Hatari kubwa ambayo watu hawaitarajii haiko barabarani, iko pale uliposimama kulipa. Stendi ya mguu mmoja haifai kabisa kwa mtoto aliyekaa juu: akiegemea upande wa pili, imekwenda. Tafuta ya miguu miwili inayonyanyua gurudumu la nyuma, pana iwezekanavyo, na uiweke penye ardhi ngumu. Pakia mzigo wa mbele kwanza, mtoto awe wa mwisho kupanda. Ukifika, yeye awe wa kwanza kushuka, hata kabla hujaulizia bei, kwa sababu muuza samaki wa soko la Deep Sea atataka uchague kwa mikono miwili na wewe una mmoja tu, ule mwingine ukiwa kwenye usukani.